Je, Kuna Mtakatifu Mkubwa Kuliko Mwingine?

Maandiko ya kusoma: 1 Wakorintho 1:1-3, Marko 10:35-45, Matendo 10:23-26, Matendo 12:1-17, 1 Timotheo 2:1-6, Waebrania 11:32 hadi 12:2



Somo la wiki hii mmelileta ninyi wenyewe. Katika funzo la Biblia la Jumatano dada mmoja aliuliza swali ambalo wengi wenu mko nalo nyumbani. Mama yake ni Mkatoliki wa miaka mingi. Sasa ni mgonjwa, na kila jioni wanajumuiya wanapokuja kusali rozari, anataka binti yake akae karibu naye. Mama ana watakatifu wake anaowapenda: Antoni, Theresia wa Mtoto Yesu, na juu ya wote Bikira Maria. Dada akauliza, "Mchungaji, nikikaa pale nimetenda dhambi? Na nikitoka nje, si nimemkataa mama?" Kabla hajakaa chini, ndugu mwingine akarusha lake: "Na hao watakatifu, mkubwa ni nani? Maana hata wao wenyewe kila mtu ana wake." Watu wakacheka, saa ikaisha, tukafunga kwa maombi.

Nimeona tulijibu kwa maandishi, kwa sababu hapa kwetu Kisii na Nyamira hakuna ukoo ambao haukuchanganyika. Misheni ya Nyabururu ilianzishwa 1911. Wasabato nao walifika miaka ya mwanzo ile ile, na sisi Wapentekoste tukaja baadaye. Nenda mazishi yoyote ya kwenu uangalie: shangazi ni wa jumuiya, shemeji ni Msabato, na wewe umeokoka. Wote mnachota chai kwenye sufuria moja. Neno moja la kijinga kuhusu watakatifu linaweza kutenganisha watu ambao damu imewaunganisha. Na neno moja la ulegevu linaweza kukuacha wewe bila msimamo. Kwa hiyo twende polepole.

1. TUSEME UKWELI KUHUSU JIRANI

Amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo (Kutoka 20:16) haikusema "isipokuwa kama jirani ni wa dhehebu lingine". Mara nyingi tunasikia ikisemwa kwa kipaza sauti kwamba Wakatoliki wanaabudu watakatifu. Ukiwauliza wenyewe, katekista wa parokia yoyote atakwambia hivi: kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Watakatifu wanapewa heshima, na Maria anapewa heshima ya pekee iliyo juu ya watakatifu wengine, lakini bado iko chini ya ile ya Mungu. Hayo ndiyo mafundisho yao. Unaweza kutokubaliana nayo, na mimi nina mahali ambapo sikubaliani. Lakini tofautiana na kile wanachofundisha, usipigane na kile ulichowawekea mdomoni.

Wanasema pia kwamba wanapomwita Antoni au Theresia, wanamwomba awaombee kwa Mungu, kama vile wewe unavyomwambia mwenzako, "Niombee." Wanataja Ufunuo 5:8, ambapo wazee wameshika mabakuli ya maombi ya watakatifu. Wanataja pia kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 15, ambapo nabii Yeremia anaonekana katika maono akiwaombea watu muda mrefu baada ya kufa. Kitabu hicho kimo katika Biblia yao, katika yetu hakimo. Hapo tayari unaona chanzo kimojawapo cha tofauti.

2. JE, WANA NGAZI?

Ndiyo, na hawafichi. Mtu anayefikiriwa kuwa mtakatifu hupanda hatua. Kwanza anaitwa Mtumishi wa Mungu, kesi inapofunguliwa. Kisha Mheshimiwa, baada ya maisha yake kuchunguzwa. Kisha Mwenyeheri, na hapo kwa kawaida wanadai muujiza mmoja uthibitishwe, isipokuwa kama aliuawa kwa ajili ya imani. Mwisho Mtakatifu, na hapo wanadai muujiza mwingine.

Mifano iko karibu nasi. Sista Irene Stefani, Mwitaliano aliyefika Kenya 1915, aliwahudumia wagonjwa mpaka akafa 1930 kule Gikondi, Nyeri, kwa tauni aliyoipata akiuguza. Watu wa huko walimpa jina la Nyaatha, mama mwenye huruma. Alitangazwa Mwenyeheri hapo Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Na sisi watu wa Kisii tuna wetu wa kuzungumzia: Maurice Otunga. Jimbo Katoliki la Kisii lilipoundwa 1960, yeye ndiye aliyekuwa askofu wake wa kwanza. Alikuwa mtoto wa chifu Sudi Namachanja wa Bungoma, akaacha mambo ya uchifu akawa padre, na mwaka 1973 akawa kardinali wa kwanza Mkenya. Alifariki 2003. Kesi yake ilifunguliwa na sasa wanamwita Mtumishi wa Mungu. Wengi wenu mmesomesha vijana Mosocho, katika shule ya upili yenye jina lake, mkilitaja jina hilo kila muhula bila kufikiria ni la nani.

Kalenda yao pia ina ngazi. Kuna sherehe, kuna sikukuu, kuna kumbukumbu. Maria na Yosefu wana sherehe. Mitume wana sikukuu. Watakatifu wengi wana kumbukumbu tu, na wengine hata hiyo hawana lazima ya kuadhimishwa kila mahali. Karoli Lwanga na wenzake, tarehe 3 Juni, katika kalenda ya Kanisa lao lote wana kumbukumbu, lakini ukivuka Busia ukaingia Uganda, siku hiyo ni kubwa kuliko hapo.

Lakini angalia jambo moja. Antoni wa Padua alikufa 1231, na 1232 alikuwa ameshatangazwa mtakatifu. Haukupita hata mwaka mzima. Joan wa Arc alichomwa moto 1431, akatangazwa 1920. Karibu miaka 500! Je, Mungu alihitaji miaka 500 kumjua binti huyo? Mkatoliki mwenyewe atakwambia hapana: Kanisa linatangaza, halitengenezi. Yule aliyekuwa wa Mungu alikuwa wa Mungu tangu siku ile ya moto. Orodha ni ya wanadamu, na wanadamu huandika wanapopata nafasi.

Mfano mwingine unanigusa zaidi. Pale Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, vijana waliteketezwa kwa sababu hawakumkana Yesu. Walikuwemo Wakatoliki, walikuwemo Waanglikana. Kuni ni zile zile, moto ni ule ule, jina walilokuwa wakiliita ni moja. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu 22 wa Uganda, na wote walikuwa Wakatoliki. Wale Waanglikana wanakumbukwa na Kanisa lao. Moto mmoja, orodha mbili. Mimi naamini mbinguni hawakupangwa mistari miwili.

3. NENO LINAWAITA NANI WATAKATIFU?

Sasa fungua Biblia yako. Paulo anawaandikia Wakorintho, na katika mistari miwili ya kwanza anawaita watakatifu. Hebu fikiri ni watu gani hao. Ni watu waliokuwa wakishtakiana kortini (sura ya 6). Wengine walikuwa wanalewa kwenye meza ya Bwana (sura ya 11). Mmoja alikuwa ameingia kwa mke wa baba yake (sura ya 5), jambo ambalo hata katika mila zetu za chinsoni mzee akilisikia anatema mate. Bado Paulo anawaita watakatifu, si kwa sababu ya tabia yao, bali kwa sababu wametengwa wawe wa Kristo. Kisha anatumia sura 16 kuwaambia waishi kulingana na jina hilo.

Kwa hiyo katika Agano Jipya mtakatifu si mtu aliyekufa akapandishwa cheo. Mtakatifu ni yule mama anayeuza ndizi pale stendi, ambaye Yesu amemwosha. Mtakatifu ni yule kijana wa bodaboda aliyeacha bangi mwezi uliopita na bado anapambana. Ukisoma salamu za barua za Paulo, Waefeso, Wafilipi, Wakolosai, utaona neno hilo likitumiwa kwa wingi, kwa kanisa zima. Halikuwekwa akiba kwa wachache.

Wapendwa, hili si jambo la kuwanyooshea Wakatoliki kidole. Ni mzigo juu yetu. Kama wewe ni mtakatifu, basi usiseme, "Mimi si mtakatifu bwana," kama kisingizio cha kudanganya kwenye mizani.

4. JE, MBINGUNI KUNA MKUBWA NA MDOGO?

Hapa ndugu yetu aliyewachekesha watu alikuwa amegusa jambo zito. Swali lake liliulizwa kwanza na wanafunzi wenyewe. Yakobo na Yohana walitaka viti viwili, kuume na kushoto (Marko 10). Tazama Yesu alivyojibu. Hakusema viti havipo. Alisema si kazi yake kuvigawa pale. Vina wenyewe waliotayarishiwa. Kama Bwana mwenyewe hakugawa viti siku ile, mimi ni nani nikae hapa niwapangie akina Theresia na Antoni, nani wa kwanza, nani wa pili? Na Paulo anatuambia tusihukumu kabla ya wakati, mpaka Bwana atakapokuja na kufichua yaliyo mioyoni (1 Wakorintho 4:5).

Lakini je, tofauti ipo? Biblia inasema ipo. Nyota moja hutofautiana na nyingine kwa utukufu (1 Wakorintho 15:41). Mtumwa mmoja anapewa miji kumi, mwingine mitano (Luka 19). Thawabu hazilingani. Halafu Biblia hiyo hiyo inatuambia wafanyakazi wa saa kumi na moja walilipwa sawa na wa asubuhi (Mathayo 20). Pia inasema Yohana Mbatizaji hana aliyemzidi kati ya waliozaliwa na wanawake, na bado aliye mdogo katika ufalme ni mkuu kuliko yeye (Mathayo 11:11). Tunashikaje yote?

Watu wa majani chai mtanielewa haraka. Mwenye mashina 200 na mwenye mashina 5,000 wanafika kituo kimoja cha kununulia majani. Mizani ni moja, karani ni mmoja, bei ya kilo ni moja. Hakuna mlango wa wakubwa. Lakini bonasi ikija, hawapati kiasi sawa, kwa sababu hawakuchuma sawa. Na hakuna anayesema mwenye mashina 200 si mkulima. Yeye ni mkulima kamili. Ndivyo ninavyoelewa Maandiko: thawabu zinatofautiana, lakini mlango ni mmoja, na bei iliyolipwa kwa kila mmoja wetu ni moja, damu ya Yesu.

Na niwape jambo la ajabu. Jibu zuri la swali hili nimelikuta kwa mmoja wa watakatifu hao hao wa mama yake dada yetu. Theresia wa Lisieux, Mfaransa aliyekufa 1897 akiwa na miaka 24, anasimulia kwamba alipokuwa mtoto alisumbuliwa na wazo kwamba Mungu hawapi wote utukufu sawa mbinguni. Dada yake mkubwa akachukua bilauri na kikofia kidogo cha kushonea kinachovaliwa kidoleni, akavijaza vyote maji mpaka juu, akamuuliza ni kipi kimejaa zaidi. Vyote vimejaa! Kimoja ni kikubwa, kingine ni kidogo, lakini hakuna kilichopungukiwa. Jagi likijaa na kikombe kikijaa, kikombe hakilii. Chukua hilo uende nalo nyumbani. Huhitaji kuwa Mkatoliki ili kuona kwamba binti huyo alifundishwa vizuri.

5. MAHALI TUNAPOTOFAUTIANA KWELI

Nilisoma biashara chuoni. Kitu cha mapema wanachokuchorea kwenye usimamizi ni ule mchoro wa ngazi: mkurugenzi juu, mameneja chini yake, wasimamizi, kisha karani na mlinzi. Ukiutazama, unajifunza kitu bila kuambiwa: aliye karibu na juu ndiye anayesikika. Na nchi yetu imetufundisha hivyo hivyo. Ukitaka kazi, swali la kwanza ni, "Unamjua nani pale ndani?" Ukitaka faili lako lisogee, tafuta mtu. Hata posa katika mila zetu haiendi hivi hivi. Kuna esigani, yule mpatanishi anayetembea kati ya nyumba mbili. Kwa hiyo usishangae mtu akihisi kwamba kwa Mungu pia anahitaji mtu wa ndani. Kitu kimepotea, anamwita Antoni. Jambo limeshindikana kabisa, anamwita Yuda Tadei. Ni moyo wa mwanadamu anayejiona mdogo mbele ya ofisi kubwa.

Neno halisemi kwamba mpatanishi hahitajiki. Linasema nafasi hiyo imejazwa. Mpatanishi ni mmoja, mwanadamu Kristo Yesu (1 Timotheo 2:5). Na Waebrania 4:14-16 inatuita tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri. Esigani wetu ni Mwana wa mwenye nyumba mwenyewe!

Mkatoliki atanijibu: "Sisi pia tunakiri mpatanishi ni mmoja. Mbona wewe unaomba ndugu zako wakuombee?" Ni swali la haki. Jibu langu ni hili. Tunaombeana sisi tulio hai kwa sababu Neno limetuamuru (Yakobo 5:16). Lakini soma Matendo 12. Herode amemuua Yakobo, ndugu yake Yohana. Kanisa lina shahidi mpya kabisa, mtume, mmoja wa wale watatu waliopanda mlimani na Yesu. Kisha Petro anakamatwa. Kama kulikuwa na siku ya kumwomba mtu aliyetangulia mbinguni, ni hiyo. Kanisa lilifanya nini? Mstari wa 5: walimwomba Mungu kwa juhudi. Hatuoni hata mmoja akimwita Yakobo. Na malaika akaja. Mimi nasimama hapo. Simtukani anayesimama kwingine, lakini sijaona Neno likinipeleka huko, na kiti cha neema kikiwa wazi sioni sababu ya kubisha mlango wa jirani.

6. ORODHA YETU SISI

Sasa tujitazame, maana hapa ndipo somo linapouma.

Sisi husema hatuna watakatifu wa kupendelea. Kweli? Ingia kwenye nyumba za waliookoka uangalie ukuta. Hakuna picha ya Antoni, lakini kuna kalenda ya nabii na mkewe, na hakuna wa kuitoa hata mwaka ukiisha. Hakuna medali shingoni, lakini kuna chupa ya mafuta chini ya mto na kitambaa kilichoombewa ndani ya mkoba. Hakuna litania, lakini kuna mtu anayeanza maombi kwa kumtaja Mungu wa baba yake wa kiroho, kana kwamba Mungu anatambulishwa kwa jina la mchungaji. Na tuna ngazi zetu: mwinjilisti, mchungaji, askofu, nabii, mtume. Wengine wanapanda hatua hizo kwa mwaka mmoja, bila muujiza wowote kuchunguzwa na mtu yeyote! Angalau Antoni walimchunguza.

Na viti? Yakobo 2:1-4 inazungumza juu ya kumwambia tajiri akae pazuri na maskini akae chini. Tuangalie viti vyetu vya mbele ni vya nani.

Kuna watu wanaoamini kwamba ombi la mtu mwenye jina linafika haraka kuliko la bibi yao jikoni. Wanasafiri usiku, wanatuma pesa kwa simu ili wapate nafasi ya kuonana na mtu wa Mungu, na karo ya mtoto haijalipwa. Mpendwa, hiyo ndiyo ile ile ofisi kubwa na mtu wa ndani. Tofauti ni kwamba Antoni hamtozi mtu ada.

Petro alipoingia nyumbani kwa Kornelio, yule akida alimwangukia miguuni. Petro akamwinua na kumwambia asimame, kwamba yeye pia ni mwanadamu (Matendo 10:26). Yohana alipotaka kumwabudu malaika, malaika alimkataza (Ufunuo 22:8-9). Hiyo ndiyo alama ya mtumishi wa kweli: anakuinua kutoka miguuni pake. Mimi ni mchungaji msaidizi. Mkinipigia simu usiku niwaombee, nitaamka. Lakini ukifikiri ombi langu lina nguvu kuliko la mama yako kwa sababu mimi nina suti na kipaza sauti, umeanza orodha yako ya watakatifu, na umeanza na jina baya. Yakobo 5:17 inasema Eliya alikuwa mwanadamu mwenye tabia moja na sisi. Aliomba, mvua ikafungwa. Siri haikuwa Eliya.

7. TUTAISHIJE NYUMBANI?

Narudi kwa dada yetu na mama yake, na kwa wote wenye swali kama lake.

Kaa na mama. Usitoke nje. Amri ya kuwaheshimu wazazi haina kipengele cha dhehebu. Rozari inapoanza, shika mkono wake. Ndani ya rozari kuna Baba Yetu mara kadhaa. Hapo omba kwa sauti, ni sala ya Bwana wako. Salamu Maria sehemu ya kwanza imetoka Luka 1:28 na 1:42, ni Maandiko. Wanapofika mahali pa kumwomba Maria au watakatifu, nyamaza kimya, mwombee mama kwa Yesu moyoni. Hakuna atakayekulazimisha, na ukimya wa heshima si usaliti. Wakimaliza, mwombe mama ruhusa umsomee Zaburi 23 au Yohana 14. Sijaona mama Mkatoliki aliyekataa kusomewa Zaburi na mtoto wake.

Akiondoka, na siku hiyo kila mtu ina yake, nenda kwenye Misa ya mazishi. Kaa kwenye kiti cha mtoto wa marehemu. Wanapoimba litania ya watakatifu, huna haja ya kuitikia, na huna haja ya kununa. Usigeuze jeneza la mama kuwa jukwaa la mjadala.

Watoto wako wakikuuliza kuhusu Karoli Lwanga au Kizito, kijana aliyechomwa akiwa na miaka kama 14, usiseme, "Hao ni wa Wakatoliki." Wasimulie. Waebrania 13:7 inatuambia tuwakumbuke waliotuongoza, tuangalie mwisho wa mwenendo wao, tuige imani yao. Kuwakumbuka na kuwaiga, ndiyo. Kisha Waebrania 12:2 inatuambia macho tumkazie nani: Yesu. Wingu la mashahidi limetuzunguka ili tukimbie mbio, si ili tugeuke kulitazama.

Na nyumbani kwako, leo jioni, angalia ukuta.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Ni nani katika ukoo wako ambaye umemsema vibaya kuhusu imani yake bila kumuuliza anaamini nini? Utamwendea lini?
2. Soma Matendo 12:1-17. Kanisa liliomba, na Petro alipobisha hodi hawakuamini. Hilo linatufundisha nini kuhusu ukubwa wa imani ya waombaji na ukubwa wa Mungu?
3. Kuna mtumishi ambaye unaamini Mungu humsikia yeye kuliko wewe? Imani hiyo umeipata wapi?
4. Taja mtu mmoja asiye na cheo chochote kanisani ambaye maisha yake yamekufundisha kumfuata Yesu. Ameshaambiwa?

OMBI

Baba, tunakushukuru kwa sababu mlango wako ni mmoja, na umefunguliwa kwa damu ya Mwanao. Tusamehe tulipowadharau jirani zetu na tulipowainua wanadamu. Mguse mama yetu mgonjwa na umpe binti yake hekima kila jioni. Utufanye watakatifu kweli, sokoni, shambani na nyumbani, na ujaze kila chombo, kikubwa na kidogo, mpaka juu. Katika jina la Yesu. Amina.